Vyombo vya Keki: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Kikombe kimoja cha unga wa ngano kinaweza kubeba gramu 120, na kikombe hichohicho, kwa unga uleule, kikabeba gramu 150. Inategemea umeuchotaje. Unga uliochekechwa na kujazwa kwa kijiko hukaa mwepesi; ukizamisha kikombe ndani ya mfuko, unga hushindiliwa. Kwa keki ya vikombe viwili, mpishi anaweza kuzidisha gramu 60, yaani nusu kikombe kizima, bila kukusudia wala kujua. Keki inatoka kavu, imepasuka juu, inapukutika ikikatwa. Lawama huangukia oveni, mayai au beking pauda, na fedha itakayopatikana baadaye huenda kwenye mapambo.

Utaratibu huo wa kununua ndio ninaotaka kuupinga. Ukipita maduka ya vyombo vya keki Kariakoo au katikati ya Nairobi, kilichopangwa mbele ni seti ya vipande zaidi ya mia: nozo za kila umbo, vikato vya maua, vikwangulio, brashi, meza ya kuzungusha. Ni vitu vizuri, na mwenye kuanza huviona ndiyo ufundi wenyewe. Lakini keki huharibika mapema zaidi, kwenye kipimo na kwenye moto, na hakuna nozo inayorudi nyuma kurekebisha. Kwa maoni yangu mpishi wa nyumbani aanze na kinachopima, afuate kinachopokea moto, ndipo aje kwenye kinachopamba, na hata hapo achague kwa kuangalia hali ya hewa ya mji wake kabla ya kuangalia picha.

Tuanze na mizani. Kupima kwa uzito si jambo geni kwetu. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zimekulia kwenye keki ya robo kilo ya Blue Band, robo ya sukari, robo ya unga na mayai manne au matano. Yai la dukani la wastani, bila ganda, lina kama gramu 50, hivyo mayai matano yanakaribia robo kilo nyingine. Vitu vinne, uzito mmoja. Ni keki ileile ambayo Wafaransa huipika kwa kugawa vitu vinne sawasawa, na inafanikiwa kwa sababu hiyohiyo. Mama zetu walioipika bila mizani walikuwa na mizani ya muuza duka: siagi ilikuja kwenye kopo la gramu 250 na sukari ilipimwa kaunta. Tatizo lilianza tulipoanza kununua unga wa kilo mbili na kuchota kwa kikombe cha chai. Mayai nayo hayafanani. Ya kienyeji huwa madogo. Yakiwa ya gramu 40, matano yanakupa gramu 200 tu, na rojo inakosa moja ya tano ya mayai yake, majimaji na nguvu ya kuumuka. Mwenye mizani atavunja la sita. Asiye nayo atashangaa kwa nini keki ya leo haifanani na ya juzi.

Mizani ya kidijitali inayobeba hadi kilo tano na kuonyesha gramu moja moja inatosha kabisa. Iwe na kitufe cha kurudisha sifuri, ili uweke bakuli, urudishe sifuri, umwage unga, urudishe tena, umwage sukari, na usichafue chombo kingine. Angalia betri zake kabla ya kulipa: zinazotumia betri za rimoti ni bora kuliko zile za betri bapa kama kitufe, ambazo si kila duka la mtaani linazo. Kuikagua ni rahisi: pima maji mililita 500 kwa chombo unachokiamini, yaweke juu yake, usome gramu 500 au karibu sana na hapo. Kwa hamira na beking pauda, mizani hiyo ni nzito kuhisi. Gramu tatu au nne huweza kuzisoma vibaya. Hapo tumia vijiko vya kupimia, cha chai kikiwa mililita 5 na cha mezani mililita 15, maana vijiko vya kulia chakula hutofautiana sana. Pia, ukifuata mapishi ya Marekani, kikombe chao ni kama mililita 237, wakati vikombe vingi vya kupimia vinavyouzwa kwetu ni vya 250.

Sasa moto, ambako ndiko ninakotaka kukaa zaidi.

Kitasa cha oveni huandika 180, lakini ndani kunaweza kuwa 160 au 205. Oveni nyingi za mezani, zile za lita 30 hadi 45, zina nyaya za moto karibu sana na chakula, na kidhibiti chake huwasha na kuzima kwa kupishana mno. Oveni za gesi nazo hupeleka moto chini zaidi ya juu. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini dukani, na kwangu kina thamani kuliko seti nzima ya nozo. Asiye nacho anaweza kutumia sukari. Sukari nyeupe huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Weka kijiko kimoja juu ya karatasi ya foili, washa oveni kwenye 175, uiache robo saa: isiyeyuke. Rudia kwenye 190: iyeyuke. Ikiyeyuka mara ya kwanza, oveni yako inazidisha. Isipoyeyuka mara ya pili, inapunguza. Ukishajua, huhitaji oveni mpya; unahitaji kusogeza kitasa.

Wanaouliza kama inafaa kununua oveni ya umeme au ya gesi huuliza pia gharama. Oveni ya wati 2,000 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika hula uniti mbili, na kwa kuwa kidhibiti huzima na kuwasha, kwa kawaida hufika chini ya hapo. Kwa anayeoka mara moja kwa wiki, gharama ya umeme haitamshinda. Kitakachomshinda ni umeme kukatika keki ikiwa imeanza kupanda. Ndiyo maana jiko lenye oveni ya gesi linabaki chaguo zuri kwa mwenye kupokea oda, ingawa inabidi ajifunze kugeuza trei katikati ya muda. Oveni yenye feni hukausha na kuivisha haraka. Punguza nyuzi 20 kutoka kipimo cha mapishi.

Wala mtu asidhani bila oveni hakuna keki. Pwani, mkate wa kumimina na mkate wa mayai vilipikwa kwa makaa ya chini na makaa ya juu muda mrefu kabla kitasa cha oveni hakijafika majikoni. Chombo kinachohitajika ni sufuria nzito yenye kifuniko bapa cha kupalia makaa, mchanga mkavu au kokoto chini, na kigae au mafiga madogo ya kuinua trei isiguse chini. Makaa machache chini, mengi juu, kwa sababu joto hupanda na kitako cha keki huungua kabla ya uso kushika rangi. Ni ufundi wa kweli, na anayeujua huwa anaielewa oveni haraka kuliko aliyeanzia kwenye vitasa. Ufanyike uani au mahali penye upepo. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu.

Trei ya keki ndiyo inayopeleka joto kwenye rojo, kwa hiyo madini yake ni muhimu kuliko umbo. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara kumi ya chuma cha pua, na hulisambaza sawasawa. Trei ya alumini nene, isiyo na rangi, yenye kuta zilizosimama wima, ndiyo ningemshauri yeyote anunue. Trei nyeusi zisizogandisha hunyonya joto na kukausha kingo mapema. Ukizitumia, shusha moto kwa nyuzi 15 hivi. Kioo hupata moto polepole na hukaa nao muda mrefu, kinafaa kwa pudini na mkate wa sinia, si kwa keki laini. Silikoni hutoa keki kwa urahisi lakini haileti rangi nzuri, na ikiwa nyepesi hupinda rojo ikiwa ndani. Iweke juu ya trei ngumu.

Trei za mafundi wa bati wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, zinastahili kutajwa kwa heshima. Fundi atakutengenezea saizi yoyote, duara, moyo au namba, kwa siku chache. Muulize tu anatumia bati gani. Bati la kuezekea lililopakwa zinki halifai kwa vyakula vyenye limau au maziwa ya mgando, na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa na kumiminwa upya vinaweza kuwa na risasi, madini ambayo Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chake chochote kuwa salama. Omba bati jipya la alumini, mikunjo iliyokunjwa kwa nyundo badala ya kuunganishwa kwa lehemu. Na hata hapo, tandika karatasi ya kuokea.

Kuhusu ukubwa, kuna kosa linaloharibu keki nyingi bila kujulikana: kuona inchi moja kuwa jambo dogo. Trei ya duara ya inchi 9 ina eneo kubwa kuliko ya inchi 8 kwa zaidi ya robo. Ya inchi 10 inaizidi ya inchi 8 kwa zaidi ya nusu. Rojo ya trei ya inchi 8 ikimwagwa kwenye ya inchi 10 hutoa keki nyembamba iliyokauka. Trei ya mraba ya inchi 8 ina eneo karibu sawa na la duara la inchi 9, kwa hiyo hizo mbili hubadilishana bila hesabu yoyote. Kwa nyumba ya kawaida, trei mbili za duara za inchi 8, zenye kimo cha inchi 3, zinatosha kwa karibu kila shughuli: keki moja ya chai, au mbili za kupandishwa na krimu katikati. Ukitaka ghorofa baadaye, ongeza ya inchi 6, ambayo hubeba rojo zaidi kidogo ya nusu ya ile ya 8. Kabla ya kununua yoyote, pima ndani ya oveni yako kwa rula. Pande zote zibaki na nafasi ya vidole viwili, hewa izunguke.

Kuna trei moja ya kigeni ambayo naipenda kwa sababu ya akili iliyomo: ile yenye tundu katikati. Mwaka 1950 huko Minneapolis, Marekani, akina mama wa chama cha Kiyahudi walimwomba David Dalquist, mwenye kiwanda cha Nordic Ware, awatengenezee kwa alumini chombo kinachofanana na vile vya udongo na chuma kizito vya Ulaya. Haikuuzika sana mpaka mwaka 1966, ambapo keki ya chokoleti iliyookwa humo ilishika nafasi ya pili katika shindano la Pillsbury na wanawake wa nchi nzima wakaanza kuitafuta. Tundu lile hupeleka joto katikati ya rojo, mahali ambapo keki ya duara huchelewa kuiva. Kwa oveni zetu zinazounguza kingo na kuacha kati kubichi, hicho ni chombo cha maana, na kwa keki nzito za ndizi, nazi au tende hakuna kinachozidi. Ipakwe mafuta kwenye kila kunyanzi, kisha unga, ikung'utwe.

Waishio Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, au Mbeya, wanajua keki hupanda haraka na kuzama katikati. Hewa ni nyepesi, mapovu hutanuka kabla unga haujashika. Dawa yake ni kupunguza beking pauda kidogo na kutojaza trei zaidi ya nusu, wala si kununua trei nyingine. Hapo tena kijiko sahihi cha kupimia ndicho kinachoamua.

Mashine ya kupigia ina mjadala wake. Mkate wa mayai wa pwani hauna siagi wala beking pauda. Unapanda kwa povu la mayai na sukari peke yake, na bibi walilipiga kwa mchapo wa waya hadi mkono ukafa ganzi. Mashine ndogo ya mkono, ya wati 200 hadi 300, hufanya kazi hiyo kwa dakika kumi hivi. Kwa keki za nyumbani inatosha. Haifai kwa unga wa mikate au maandazi. Ikilazimishwa hunuka na kuungua. Wati nyingi zilizoandikwa kwenye boksi zinaeleza umeme inaokula, hazielezi nguvu inayofika kwenye vipigio. Muulize muuzaji kuhusu gia, ni za chuma au plastiki, na muulize fundi wa mtaa wako kama kaboni za mota yake zinapatikana. Mashine isiyo na vipuri ina maisha ya kaboni moja.

Na kuna jambo la ndugu walioko Marekani. Mashine kubwa ya kusimama, KitchenAid hasa, ni zawadi inayotamaniwa, na ikinunuliwa huko imeundwa kwa voti 120 na hezi 60. Umeme wetu ni voti 230 hadi 240, hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja mota huungua papo hapo. Ukitumia transfoma, lazima iwe na uwezo mkubwa kuliko wati za mashine, na bado itazunguka tofauti. Mwombe ndugu akutumie fedha, ununue ya voti zetu. Aliyeko Uingereza ana nafasi nzuri zaidi: umeme wao unalingana na wetu, na plagi ya pini tatu ni ileile ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kenwood Chef, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1950, ni mashine ambayo hata iliyotumika miaka mingi hupatikana vipuri.

Tumefika kwenye mapambo, na hapa joto la mji ndilo linaloanza kusema. Siagi ya ng'ombe hulegea mapema na kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35. Dar es Salaam au Mombasa, kuanzia Januari hadi Machi, sebule isiyo na kiyoyozi inafika nyuzi 30 na kuzidi mchana. Ua lililochorwa kwa krimu ya siagi tupu litalala kabla wageni hawajakaa. Basi mpishi wa pwani achague kwanza krimu, ndipo achague chombo. Akitumia krimu yenye mafuta magumu ya kupikia, nozo zenye meno makali zitamfaa. Akitumia krimu ya kupiga ya kwenye boksi, chombo chake cha kwanza ni friji na bakuli la chuma lililopoozwa. Akitumia fondanti, anahitaji kisukumio kirefu laini na kibao cha kulainishia. Na ajue kwamba keki ya fondanti ikitolewa kwenye friji na kukutana na unyevu wa pwani hutoka jasho na kung'aa, hivyo ni bora ikae chumba kikavu. Nairobi, Arusha na Njombe hawana shida hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kumfundisha mtu wa Tanga kwa video iliyorekodiwa kwenye nchi ya baridi ni kumtafutia hasara.

Nozo sita zinatosha. Namba zinazofuatwa na watengenezaji wengi zinatokana na kampuni ya Wilton, iliyoanza na darasa la kupamba huko Chicago mwaka 1929. Nunua ya duara nyembamba namba 2 au 3 kwa kuandika majina, ya duara nene, ya nyota kubwa 1M ambayo peke yake hutoa mawimbi, mawaridi na mipaka, ya nyota ndogo, ya petali 104 na ya jani 352. Ziwe za chuma cha pua, zisizo na mshono. Nozo yenye mshono wazi hushika kutu humo na kuacha alama kwenye kila mstari. Ukiwa na hizo na mkono tulivu utafanya zaidi ya mwenye hamsini.

Mkono wenyewe tunao. Wachoraji wa hina na piko wa Mombasa, Lamu na Zanzibar hubana koni, hukata ncha ndogo na kuvuta mstari mwembamba usiokatika kwenye kiganja kilicho hai na kinachosogea. Koni mpya ya karatasi ya kuokea, ikijazwa aisingi ya utelezi, hufanya kazi ileile juu ya keki iliyotulia. Naona ni hazina isiyotumika ya kutosha: maua na majani ya hina yangeipamba keki ya arusi ya Kiswahili kuliko waridi la fondanti lililonakiliwa kutoka mbali. Vifaa vyake ni karatasi na mkasi.

Kulainisha pande kunahitaji vitu vitatu: meza ya kuzungusha, kisu bapa kilichopinda shingoni, na kikwangulio kilichonyooka. Meza iwe nzito chini; ya plastiki nyepesi huyumba na keki ya kilo tatu. Kukata tabaka, kisu cha meno kirefu kuliko kipenyo cha keki, au uzi wa kushonea ulionyooshwa na kuvutwa, ambao huacha uso ulionyooka vizuri sana. Keki ya ghorofa iwekewe nguzo: mirija minene ya plastiki iliyokatwa kimo kimoja, na kibao chini ya kila ghorofa. Ikisafirishwa kwa bajaji, ghorofa ziende mbalimbali na ziunganishwe ukumbini.

Vumbi la kung'arisha, la dhahabu na fedha, lisinunuliwe kwa kuangalia rangi. Maandishi yasemayo halina sumu hayamaanishi kwamba linaliwa. Mwaka 2018 katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto sita waliugua na kutapika baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa vumbi la aina hiyo, na uchunguzi ulikuta shaba nyingi ndani yake. Mwaka uliofuata, Missouri, risasi iliyokutwa kwenye damu ya mtoto mdogo ilihusishwa na unga wa rangi ya maua wa kupambia keki. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha nchi hiyo kilichapisha taarifa hizo mwaka 2021. Nunua lenye orodha ya viungo na maneno ya wazi kwamba ni la kula. Lisilo na orodha, liache. Kwa Tanzania usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu 2019, na Kenya ni KEBS. Alama zao zitafutwe kwenye kifungashio. Maua mabichi nayo yachaguliwe kwa kujua: waridi lisilopuliziwa dawa linafaa, oleanda ya uani ina sumu kali hata kwenye utomvu, isiguse keki kabisa.

Anayeoka kwa oda ataniambia mteja hulipia anachokiona, hivyo mapambo ndiyo yatangulie. Kwa oda ya kwanza ana hoja. Ndiyo maana vyombo vya mara chache, kama trei za namba, stendi za ghorofa na vikato vya herufi, ni bora kukodi au kuchangia na mpishi mwenzako, fedha ya kununua ikabaki kwenye mizani, kipimajoto na trei mbili nzuri. Na ukipata mashine kubwa iliyotumika, usiinunue kwa kuiona ikizunguka tupu. Nenda na nusu kilo ya unga na maji, ukande humo dakika tano, usikilize gia, ushike mgongo wa mota kama umepata joto kupita kiasi, unuse, ukague kama mafuta ya gia yanadondokea bakulini, ndipo mzungumze bei.